Nilivyoufuata Upande wa Pili Mpaka Keringet

Wengi mmeniuliza nilipotelea wapi wikendi ile, na mbona picha pekee niliyoweka ilikuwa ya sahani ya matumbo huko Mai Mahiu. Nimemjibu kila mtu nusu, na majibu ya nusu hunikosesha amani. Basi nimeiandika safari yote mara moja. Nimeifuta na kuianza upya mara kadhaa, mnanijua. Hii ndiyo niliyojilazimisha kuiacha ilivyo.

Kwanza mjue nilichokuwa nikitafuta. Nyumbani kwetu Nakuru, kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, tuna santuri moja ndogo. Wimbo wake unaitwa "Dorkas wa Stesheni", na gitaa la solo limepigwa na marehemu mjomba wangu Saulo, kaka ya mama. Santuri za aina ile ziliukata wimbo katikati. Upande wa kwanza unaimbwa polepole, kisa kinaelezwa. Kisha unaigeuza, na upande wa pili magitaa yanakimbia huku mwimbaji akitaja majina ya watu: marafiki, wafadhili, yeyote anayetaka asikike. Kutajwa ilikuwa heshima kubwa. Watu walinunua santuri ili wajisikie.

Upande wetu wa kwanza unapigika. Wa pili ulichimbwa na msumari siku familia ilipohama nyumba, kabla sijazaliwa, na sindano haipiti.

Mama yangu, Truphena, husema kwamba ametajwa upande wa pili. Amesema hivyo maisha yangu yote, na shangazi zangu wamemcheka maisha yangu yote. "Truphena, hiyo uliota." Yeye hukasirika, wao huzidi. Lakini mwezi uliopita walipomcheka, mama alicheka pamoja nao. Akasema, "Labda kweli niliota." Kisha akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Ndiyo maana nilitoka.

Nakuru: duka la kava za simu

Mama hulieleza duka la santuri kama mtu anavyolieleza kanisa alilobatizwa. Spika mlangoni, veranda iliyojaa watu siku ya mshahara, na mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye miwani minene, ambaye hakukuuzia santuri kabla hujaisikia pande zote mbili. Ukiharakisha kulipa alikuzuia: "Sikia kwanza. Usikuje kunigombeza kesho."

Duka bado lipo, nyuma ya soko, ila sasa linauza kava za simu na chaja. Nimelipita mara nyingi nikifanya mazoezi ya sentensi ya kuingia nayo. Siku ile niliingia bila kupanga kwa sababu mvua ilianza. Mwenye duka sasa ni mjukuu wa yule mzee, mama wa makamo anayeitwa Jyoti.

"Sasa! Unataka kava ya simu gani?"

"Nataka santuri."

"Hiyo ni ya Wachina? Hatujaleta."

"Santuri. Zile za muziki. Za babu yako."

Aliniangalia, kisha akaliangalia gitaa langu mgongoni, kisha akafungua mlango wa nyuma. Rafu zote bado ziko, nyembamba, zimejaa maboksi ya chaja yaliyosimamishwa wima kama santuri. Nilimuuliza kwa nini ameyapanga hivyo. Akasema hajui kupanga kitu chochote kwa njia nyingine.

"Babu alipokufa, mende walianza kula hizo karatasi," alisema. "Watu walikuja kununua, wanataka kubeba zote haraka haraka wakauze. Nikakataa. Halafu akakuja mzee wa Mai Mahiu, anaitwa Baba Njoki, ako na hoteli ya madereva. Huyo alikaa hapo kwa mlango akasikiza moja moja, upande huu, upande ule. Mpaka majirani wakakasirika. Nikasema huyu ndio mwenyewe, beba."

"Ile ya 'Dorkas wa Stesheni' ilikuwa ndani?"

"Mimi nilikuwa nasikia za Kihindi, dada. Enda Mai Mahiu. Na mvua imeisha, usiniharibie hiyo sakafu."

Nakuru hadi Mai Mahiu: sahani ya matumbo

Nilibeba gitaa kwa sababu siamini kinasa sauti peke yake. Kile kinanasa sauti, lakini vidole ndivyo vinavyonasa wimbo. Hapa lazima nikiri jambo. Nimejifundisha gitaa mwenyewe, chumbani, nikipiga pamoja na ile santuri. Niliinasa kwenye kompyuta, nikakaa na programu ya kusafishia sauti mpaka nikaondoa kila mlio wa vumbi na mikwaruzo. Upande wa kwanza naupiga wote, kila noti ya mjomba. Lakini sijawahi kupiga na mtu aliye hai. Nikialikwa, mkono hutoka jasho na naaga mapema. Nyinyi mnadhani mimi ni mtu wa kulala mapema.

Hoteli ya Baba Njoki iko mahali malori yanapoegeshwa, chini ya mteremko mkali wa barabara kuu. Ni mabati, mabenchi, na mashine ya santuri inayotumia betri ya lori. Kuna sheria moja, na kila dereva anaijua: ukichagua wimbo, unausikia pande zote mbili hata kama bosi wako anapiga simu. Nilimkuta dereva mmoja amesimama na funguo mkononi, amekasirika, anangoja gitaa limalize.

"Hapa wimbo haukatwi," Baba Njoki aliniambia. "Kula kwanza."

Nilikula ugali na matumbo, nikapiga ile picha. Nilipotaja "Dorkas wa Stesheni" aliacha kupangusa meza. Alikuwa nayo, safi, kwenye karatasi yake ya kahawia yenye muhuri wa duka la Nakuru. Aliiweka kwenye mashine, upande wa kwanza juu.

"Baba Njoki, huo uruke tu. Naujua mpaka wanapovuta pumzi. Nipigie wa pili."

"Kwangu huanza na wa kwanza."

"Naujua, nakuambia ukweli."

Hakupenda, lakini mimi nilikuwa mgeni. Akaigeuza. Kumbukeni hapo, maana nitaparudia.

Upande wa pili ulianza. Sijui niseme nini kuhusu gitaa la mjomba Saulo kwenye upande ule, ila dereva aliyekuwa na funguo alikaa chini tena. Nilishika kinasa sauti kwa mikono miwili. Majina yakaanza: wenye malori, mwenye duka, karani wa stesheni, mpishi wa ukumbini. Nilihesabu pumzi zangu. Kisha gitaa likashuka, ngoma ikafunga, na sindano ikafika katikati.

Mama hakuwemo.

Niliomba irudiwe. Hakuwemo. Niliomba tena.

"Unatafuta nani huko ndani?" Baba Njoki aliuliza.

"Mamangu."

Kisha dereva mmoja akasema, "Si umtafute Facebook kama watu wengine?" Wakacheka, na mimi nikacheka pia, na ndipo nikaelewa jinsi mama alivyocheka siku ile na shangazi zangu.

Aliyeniokoa ni yule dereva mwenye funguo. Jina lake Kimani, hubeba viazi kutoka Kuresoi na alikuwa anarudi na lori tupu.

"Huyo anayeimba si ni Mzee Kiprono?" alisema. "Huyo ako Keringet, mzima kabisa. Anapiga hapo hotelini kila Jumapili watu wakitoka kanisani. Mimi humsikia nikingoja mzigo."

Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu wa bendi ile aliyebaki. Mama aliniambia ukumbi wao Nakuru ulifungwa na bendi ikatawanyika, na mimi nikasikia "wakafa". Nilisimama bila kuamua. Mke wa Baba Njoki alitoka jikoni akaipiga picha namba ya lori.

"Kimani, huyu ni mtoto wangu. Ukimpoteza usikanyage hapa tena, na ile deni ya maharagwe ulipe."

Mai Mahiu hadi Molo: kupita nyumbani bila kushuka

Lori la viazi likiwa tupu hunuka udongo wenye mvua. Kimani huendesha polepole na kuuliza maswali kwa haraka.

"Hiyo gitaa unapiga ama unabeba tu?"

"Napiga."

"Wapi?"

"Nyumbani."

"Nani anasikia?"

"Mama."

"Ah. Na yeye analipa?"

Gurudumu lilipasuka kabla ya Gilgil. Tulingoja fundi kwa muda mrefu kwenye majani ya kando ya barabara, tukala mahindi ya kuchemsha. Kimani aliniambia nipige kidogo kupitisha wakati. Nilisema nyuzi zimelegea kwa sababu ya baridi. Hazikuwa zimelegea. Fundi alipofika alisema yeye pia aliwahi kuwa na gitaa, akaliuza akanunua jeki ile aliyokuwa akiitumia, na kwamba hajajuta, isipokuwa Krismasi.

Tuliingia Nakuru jioni. Nilikuwa nimejiambia nitashuka, nioge, nilale, nifikiri. Kutoka kwenye lori, juu vile, unaona mapaa yetu na tangi la maji. Simu ikalia.

"Uko wapi?" Ni mama.

"Njiani."

"Umeipata?"

Nilikuwa nayo mfukoni, upande wa pili wote, safi. Ningeweza kumchezea papo hapo.

"Bado nasikiza," nikasema.

"Wewe husikiza sana," alisema, akakata.

Kimani alikuwa amepunguza mwendo kunisubiri niseme. Nilitazama mbele. Akaongeza gia. Kama mama alikuwa ameota, sikutaka yeye aambiwe na mashine. Nilitaka kuambiwa kwanza mimi, na mtu aliyekuwepo.

Mvua ilitukuta Elburgon, na Molo tukasimama kabisa. Tulilala kwa dada yake Kimani, Mama Shiro, aliyetupa mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa, na chai ya moto sana. Alilitazama gitaa pale ukutani wakati wote wa chakula.

"Na hii itaimba?"

"Mgeni wako amechoka," Kimani alisema.

"Gitaa kuzunguka na mtu asiyepiga," Mama Shiro alisema, "ni kama kubeba jembe kwenda harusi." Hakusema kwa ubaya. Akaniongezea mukimo.

Molo hadi Keringet: mabua ya mahindi

Asubuhi barabara ilikuwa tope jekundu. Lori tupu ni jepesi, hucheza ngoma yake lenyewe. Mahali fulani kwenye mashamba ya Kuresoi liliingia mtaroni kwa upole, kama mtu anayekaa kwenye kiti. Watu waliokuwa wakielekea kanisani walisimama kutushauri. Kila mmoja alikuwa na shauri lake, na wote walikuwa na viatu safi. Mwishowe mama mmoja alivua vyake, akaviweka juu ya boneti, akaanza kukata mabua ya mahindi na kuyatandika chini ya magurudumu. Wengine wakaaibika wakamfuata. Lori lilipotoka walishangilia, kisha wakaomba lifti, kwa hivyo tuliingia Keringet tukiwa na kwaya nyuma.

Sikuchangia chochote kwenye wokovu ule isipokuwa kuviondoa viatu vya yule mama kwenye boneti na kuvishika. Nilivishika mbali na nguo zake, kisha mbali na nguo zangu, nikiogopa kuvichafua. Alipovichukua aliniambia, "Asante, umevishika kama mayai."

Keringet: hoteli ya chai

Hoteli yenyewe, tuliyoingia watu walipotoka kanisani, ni chumba kimoja cha mbao karibu na soko la viazi. Kona moja kuna birika kubwa la chai, kona nyingine kuna bendi. Katikati ni meza sita au saba zilizosongamana hivi kwamba anayenyanyuka kwenda nje lazima apishwe na mpiga besi. Hakuna jukwaa. Bendi hupiga mpaka birika liishe, basi. Walikuwa watatu: mpiga besi, mpiga ngoma, na Mzee Kiprono, mrefu, koti la kanisani bado mwilini, gitaa la ridhimu likiwa limefungwa kwa kamba ya viatu.

Aliliona gitaa langu kabla ya kuniona.

"Wewe ndio umetoka Molo?"

"Ndiyo, mzee." Nilikuwa nimetoka Molo.

"Umechelewa. Kuja, chomeka hapa."

Kumbe alikuwa amemngoja mpiga gitaa wa kwaya moja ya Molo, kijana wa kuja kujaribiwa kwenye solo. Nilipolielewa hilo waya ulikuwa tayari umechomekwa kwenye gitaa langu. Niligeuka kumtafuta Kimani anitetee. Alikuwa ameketi mbele kabisa, na mandazi.

"Mzee, mimi sikuja ku—"

"Unajua gani?"

Nilitaja kitu pekee ninachokijua.

"'Dorkas wa Stesheni'."

Watatu wakatazamana. "Mtoto wa kanisa anajua Dorkas," mpiga besi alisema. "Dunia imeisha." Na mpiga ngoma akagonga vijiti.

Nilianza vizuri, nitajisifu hapo. Gitaa la mwanzo, lile la mjomba, nililipiga kama lilivyo, na niliona mgongo wa Mzee Kiprono ukinyooka. Akaanza kuimba. Sauti ile ile ya santuri, imekwaruza kidogo, mita moja kutoka sikioni mwangu. Ubeti wa kwanza ukapita. Kwenye ubeti wa pili kuna mahali gitaa la mjomba huruka. Linakuwa chini, halafu ghafla liko juu, bila daraja, kama mtu aliyeruka mtaro. Ni mahali ninapopapenda kuliko pote. Nilifanya mazoezi ya kuruka pale mpaka ncha za vidole zikaota sugu.

Nikaruka.

Na nikawa peke yangu. Besi ilikuwa upande mwingine, ngoma ilikuwa upande mwingine, Mzee Kiprono alibaki mdomo wazi katikati ya neno. Muziki ukaanguka kama trei ya vikombe.

"Umeenda wapi?" aliuliza.

"Nimefuata wimbo."

"Wimbo uko huku! Wewe umetuacha stesheni."

Watu wakacheka. Masikio yalinichoma. Nikajitetea, na sauti yangu ilitoka nyembamba: "Lakini gitaa la solo huruka hapo. Nimesikia. Nimesikia mara elfu."

Mzee Kiprono alishusha gitaa. "Umesikia wapi?"

"Kwa santuri yetu."

"Hiyo santuri ina mkwaruzo?"

Nilifungua mdomo kusema haina. Ilikuwa nao. Upande wa kwanza, mkwaruzo mmoja, na mlio wake mdogo, ka! Ule mlio niliuondoa mwenyewe kwa kompyuta, nikijisifu jinsi nilivyousafisha vizuri. Mlio niliuondoa. Mruko ukabaki, nikauita ufundi. Na Mai Mahiu niliambiwa tuanze na upande wa kwanza, nikasema naujua.

"Huyu," Mzee Kiprono aliwaambia wateja wote, "amejifundisha mpaka mkwaruzo." Alicheka mpaka akakohoa, mpiga besi akampiga mgongoni. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alisogeza kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana, akapiga polepole kipande kile kilichokosekana. Si kigumu. Gitaa la solo linauliza, la ridhimu linajibu, solo linauliza tena, ndipo linapanda. Santuri yetu ilikuwa imemeza mazungumzo yao wawili.

"Saulo alikuwa ananiuliza hapo," alisema. "Niulize."

Nikamwuliza. Akajibu. Nikamwuliza tena.

"Sasa twende. Na hapa hatugeuzi santuri."

Tulianza upya. Pale pa mruko nilipita kwa miguu, kama watu. Na wimbo ulipofika mahali ambapo santuri huisha, haukuisha. Mpiga ngoma aliinua tu kidevu, na tukawa upande wa pili, bila kituo. Sikuwa na muda wa kuogopa. Mzee Kiprono alianza kutaja majina. Alimtaja mwenye hoteli. Alimtaja Kimani, "mbeba viazi asiyelipa chai", na Kimani akasimama akainama kama bwana harusi. Akamtaja yule mama wa mabua, akamtaja na mchungaji. Kisha akafumba macho, akaanza majina ambayo hakuna aliyeyaitikia chumbani mle. Ya watu wasiokuwepo.

"Na Saulo wa solo, pumzika! Na dada yake Saulo, Truphena, aliye dirishani!"

Mkono wangu ulisimama. Besi ilinibeba, sijui kwa muda gani. Nilipoingia tena niliingia mahali pasipofaa, na hakuna aliyejali.

Birika lilipoisha nilimwambia mimi ni nani. Alinitazama vidole, si uso. Kisha akaniomba msamaha kwa kunidhania mtoto wa kanisa, na akaniambia nilichokifuata. Studio waliwapa muda mfupi, na mtu wa mitambo alisimama kiooni akiwaonyesha mkono wamalize. Wakataja waliogharimia safari ya kwenda studio tu. Lakini ukumbini Nakuru, kila walipoupiga, Saulo alimtaka amtaje dada yake, kwa sababu alikuwa mdogo, haruhusiwi kuingia, na alikuja kila wiki akasimama nje, dirishani.

"Na mpaka leo unamtaja?"

"Kila Jumapili. Kwani hilo jina ni langu niliondoe? Ni la wimbo." Akafungua kamba ya viatu kwenye gitaa. "Yuko hai?"

"Yuko hai, mzee."

"Haya," alisema, akaikunja ile kamba. "Haya."

Kurudi

Kuhusu njia ya kurudi sina mengi. Lori lilijaa viazi, halikuteleza. Karibu na Njoro ndipo nilipokumbuka kwamba kinasa sauti kilikuwa mfukoni wakati wote, kimezimwa. Sina sauti ya siku ile. Zamani jambo kama hilo lingenilaza kitandani siku mbili. Nilimwambia Kimani, naye akasema, "Si uko na mikono?"

Mama alikuwa jikoni anapika chapati. Sikusalimia vizuri hata. Nilikaa juu ya debe la unga, nikaanza kupiga. Alinipa mgongo, akawa anaendelea kusukuma. Nilifika pale pa mruko, nikapiga kipande cha kweli, swali na jibu, nikijibu mwenyewe. Mama aligeuka na mwiko.

"Hapo umeongeza nini?"

"Ndivyo ulivyo, mama. Santuri yetu huruka."

"Najua huruka. Hapo ndipo mimi hugeuza chapati." Aliitazama kwenye kikaango. Ilikuwa imeungua upande mmoja. "Haya, endelea."

Niliendelea. Nilifika mwisho wa upande wa kwanza, nikainua kidevu kwa mpiga ngoma asiyekuwepo, nikavuka. Na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kutaja majina, ilibidi niyataje mimi, mtu ambaye nyote hamjawahi kumsikia akiimba. Niliwataja Jyoti na Baba Njoki na mke wake. Nikamtaja Kimani, na Mzee Kiprono. Sauti ilinikatika mara mbili na sikurudia. Kisha nikasema, "Na dada yake Saulo, Truphena, aliye dirishani."

Mama alizima jiko. Alisimama hapo na mwiko, na niliendelea kupiga kwa sababu sikujua la kufanya nikiacha.

"Nani alisema hivyo?"

"Mzee Kiprono. Husema kila Jumapili, Keringet. Hajawahi kuacha."

"Dirishani?"

"Dirishani."

"Mimi sikuwa dirishani," mama alisema. "Dirishani ni wale wengine, waoga. Mimi nilikuwa mlangoni. Na siku moja niliingia." Alipangusa mikono kwa leso, polepole, kidole kimoja kimoja, kisha akaenda sebuleni, nikamsikia akimpigia simu shangazi mkubwa. Hakumwambia chochote kuhusu jina. Alimwambia tu kwamba Jumapili hatapatikana, ana safari, kuna mtu huko Keringet anayesema jambo vibaya miaka yote hii na lazima arekebishwe.

Aliporudi jikoni aliniuliza kitu kimoja: hiyo hoteli ya Keringet mlango wake unaangalia upande gani.